Kitendo Kimoja, Mashtaka Mengi: Magendo ya Karafuu Pemba na Lugha ya Mahakama

Mtu anayepakia magunia ya karafuu usiku katika bandari bubu ya kaskazini mwa Pemba, akatweka tanga na kuvuka mkondo kuelekea Shimoni, kwa hesabu yake mwenyewe amefanya jambo moja. Kiswahili kinamuunga mkono: jambo hilo lina jina lake, nalo ni magendo. Akikamatwa kabla ya kufika, atasimama mahakamani Wete au Chake Chake na kuambiwa kwamba amefanya mambo manne, matano au sita. Amenunua karafuu ilhali hana idhini ya kununua. Amezichukua kutoka shamba hadi pwani bila ya kibali. Amejaribu kuzitoa nje. Ameondoka mahali ambapo si bandari iliyoidhinishwa. Ameikwepa forodha. Na ikiwa chomboni alikuwa na wenzake wawili, basi amekula njama. Kila shitaka husomwa peke yake, na baada ya kila shitaka huulizwa kama ni kweli. Kwa kuwa safari ilikuwa ya kweli, hujibu mara sita: ni kweli.

Mhadhara huu unalichunguza jibu hilo. Swali lake ni la historia na la lugha kwa wakati mmoja. Ni nani anayekihesabu kitendo, na kwa kipimo gani? Je, maneno ya Kiswahili yaliyotumika mahakamani katika zama mbalimbali yalimwezesha mshtakiwa wa Pemba kuifuata hesabu hiyo? Imezoeleka kulalamika kwamba Serikali hurundika mashtaka ili moja likishindwa jingine lifaulu, na malalamiko hayo hayakosi msingi. Hata hivyo, historia ya kisiwa hiki inaonyesha kwamba wingi wa mashtaka si uovu mkubwa zaidi. Pamekuwapo nyakati ambapo neno moja pana lilibeba kila kitu, na watu waliteseka zaidi chini ya neno moja kuliko chini ya mashtaka sita.

Kitendo, kosa na shitaka

Yapo maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, na mahakamani hayapaswi kuchanganywa kamwe. La kwanza ni kitendo. Hili ni jepesi: ni jambo lililotendwa, liwe jema au baya, na huhesabiwa kwa kumtazama mtendaji.

La pili ni kosa. Kitenzi chake, -kosa, kina uwanja mpana wa maana. Mwindaji hukosa ndege, mgonjwa hukosa usingizi, mwanafunzi hukosa darasa. Maana ya msingi ni kutofikia jambo lililotarajiwa. Kinachovutia zaidi ni umbo la kutendea, -kosea, kwa sababu humleta mtu wa pili: mtu humkosea mtu. Mtoto aliyerusha jiwe akavunja chungu cha jirani amerusha jiwe moja tu. Lakini amemkosea jirani kwa chungu chake, na amemkosea mzazi wake aliyekwisha kumkataza. Ataomba radhi mara mbili, na hakuna mtu mtaani atakayeona ajabu. Kwa hiyo Kiswahili cha nyumbani, kabla ya kufika mahakamani, tayari huhesabu makosa kwa kuwatazama waliokosewa, wala si kwa kuutazama mkono uliotenda.

La tatu ni shitaka. Hili limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu kulalamika, na jamaa zake ni kushtaki, mshtaki na mshtakiwa. Asili yake inasema wazi kwamba shitaka ni kauli ya mlalamikaji. Haliwi kosa mpaka lithibitishwe. Mahali pa kosa lililothibitishwa pana neno jingine la asili ya Kiarabu, hatia, na kwa tawi zima la sheria hii lipo neno jinai. Inafaa kuangaliwa kwamba katika kundi hili neno kosa peke yake ndilo la Kibantu, na ndilo linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote: hutumika kwa dhambi, kwa kasoro ya hesabu, kwa utovu wa adabu na kwa uhalifu. Mshtakiwa anayesema "nimekosa" anaweza kuwa anakiri jinai. Vilevile anaweza kuwa anaomba radhi kwa kuwasumbua wakubwa.

Ama neno magendo, limebaki na sauti g ambayo kitenzi cha Kiswahili -enda kimekwisha kuipoteza. Mzizi -gend- ungali hai katika lugha nyingi za Kibantu za bara, Kiganda kikiwa mojawapo. Ukiliangalia kwa jicho hilo, ni neno la mwendo tu, na dhana ya uhalifu imeongezwa na matumizi. Ni neno la safari nzima, halina sehemu. Sheria haiwezi kulishtaki lilivyo, sharti ilipasue.

Kuingiliana kwa adhabu

Kabla ya Waingereza kuzifanya upya mahakama za Zanzibar, mashauri ya Pemba yalikuwa mikononi mwa liwali wa Sultani na makadhi. Elimu ya fiqhi, ambayo kadhi yeyote aliisoma, ilikuwa na majibu ya muda mrefu kwa swali la kitendo kimoja chenye makosa mengi. Ilianza kwa kutenga haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Wizi mmoja hugusa zote mbili. Kwa haki ya kwanza ipo adhabu. Kwa haki ya pili mali hudaiwa irudishwe au ilipwe, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi wa kisiwa hiki, adhabu haimwondolei mwizi wajibu wa kulipa. Hapo kitendo kimoja kimezaa madai mawili, na hakuna dhuluma yoyote.

Lakini elimu hiyohiyo iliweka breki. Mafakihi waliiita tadakhuli, yaani kuingiliana. Mtu aliyeiba mara kadhaa kabla hajakamatwa, makosa yake ya aina moja huingia katika adhabu moja. Haki za waja haziingiliani hivyo: kila mwenye mali hudai mali yake. Mpangilio huu ni wa busara kubwa, kwa sababu hautoi jibu moja kwa kila kitu. Unauliza kwanza: kilichovunjwa ni cha nani?

Fimbo hamsini

Kwa miaka mingi, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya miaka ya 1930, mahakama za Kiingereza za Zanzibar zilitumia sheria za jinai za India. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ilikuwa na sifa ambayo wanasheria wa leo wangeweza kuionea wivu: ilifundisha kwa mifano. Kifungu chake cha 71 kinamweleza mtu aliyempiga mwenzake fimbo hamsini. Yamkini kila fimbo ni kosa la kudhuru mwili. Lau angeadhibiwa kwa kila fimbo, huenda angefungwa miaka hamsini, mwaka mmoja kwa kila pigo. Sheria inakataa: kipigo chote ni kosa moja kwa upande wa adhabu. Mfano unaofuata hapo hapo unabadilisha jambo moja tu. Katikati ya kipigo mtu wa tatu anaingilia, naye anapigwa fimbo moja kwa makusudi. Fimbo hiyo moja ni kosa jingine na lina adhabu yake.

Mwanaisimu hapa hukumbuka namna Kiswahili kinavyosema jambo hilo. "Amempiga fimbo hamsini" huweka idadi kwenye fimbo. Kitenzi hubaki kimoja, na mtendwa hubaki mmoja ndani ya kiambishi -m-. Akiingia mtendwa mwingine, sentensi hulazimika kuanza upya: "na yule aliyeamulia akampiga moja." Sarufi na kifungu cha 71 vinakata mahali pamoja.

Sheria ya utaratibu wa jinai ya India ya mwaka 1898 nayo ilieleza upande wa pili, yaani makosa yanayoweza kusikilizwa katika kesi moja kwa kuwa yametokana na tukio moja. Mfano wake mmoja ni wa mtu anayemtorosha mahabusu na katika kufanya hivyo akamjeruhi vibaya askari anayemlinda. Tukio ni moja. Kutorosha kunaikosea mahakama. Kujeruhi kunamkosea askari. Hushtakiwa kwa yote mawili.

Katika miaka ya 1930 Zanzibar ilipata sheria zake za adhabu na za utaratibu wa jinai, zilizofuata mtindo wa makoloni mengine ya Afrika Mashariki na baadaye kujulikana kama sura ya 13 na sura ya 14 za sheria za Zanzibar. Sheria hizo zilidumu hadi mwaka 2004, kisha zikaandikwa upya tena mwaka 2018. Kanuni kuu haikubadilika katika safari hiyo yote: makosa yanayotokana na mambo yaleyale yanaweza kuwekwa katika hati moja, lakini kila kosa sharti liandikwe katika shitaka lake. Shitaka moja lililobeba makosa mawili ni shitaka bovu, kwa kuwa mshtakiwa hajui ajibu lipi. Wingi wa mashtaka basi, kwa asili yake, ulikusudiwa kumlinda anayeshtakiwa. Mifano iliyofundisha ndiyo iliyopotea njiani. Sheria mpya zilibaki na kanuni tupu, na hiyo ni hasara.

Jinsi kuuza kulivyogawanyika

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba la karafuu la Zanzibar, na kila sheria ya karafuu iliyotungwa mjini Unguja ilikuwa kwa kweli sheria juu ya maisha ya Mpemba.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwenye shamba aliyepeleka karafuu zake kwa mfanyabiashara wa Kihindi mjini Wete alikuwa anauza tu. Kitenzi kilikuwa kimoja. Jumuiya ya wakuzaji karafuu ilikuwa imeundwa mwaka 1927, na mwaka 1934 zikatungwa sheria zilizoipa nguvu na kuwataka wasafirishaji wa nje wawe na leseni. Mwaka 1937 jumuiya hiyo ikapewa ukiritimba. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na kule India karafuu za Zanzibar zikasusiwa, hata yakafikiwa maafikiano mwaka 1938. Wanahistoria wa uchumi wamelieleza suala hili kwa upana. Lisilotajwa sana ni kwamba sheria hizo zilikipasua kitenzi kuuza. Palitokea kununua kwa leseni na kununua bila leseni, kuweka, kuchukua, kupeleka nje. Kila kipande kilipata mlinzi wake ofisini, na kila mlinzi alikuwa mlalamikaji mtarajiwa. Mashtaka yakaongezeka kabla watu hawajabadilisha tabia hata kidogo.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ununuzi wa karafuu ulibaki mikononi mwa Serikali, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ndilo lililokuwa mnunuzi. Mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei ya soko la dunia. Upande wa pili wa mkondo, katika pwani ya Kenya, gunia lilelile lilikuwa na thamani nyingine kabisa. Magendo yalishamiri kwa sababu hiyo, na utawala wa Abeid Amani Karume ukayaingiza miongoni mwa makosa ambayo adhabu yake yaweza kuwa kifo. Kikosi kilichopewa kazi ya kulinda bahari kilipata jina linalosema waziwazi kazi yake: Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM.

Mwaka 1970 zilianza kazi Mahakama za Wananchi. Waamuzi wake walikuwa watu wa kawaida wasiosomea sheria, na mawakili hawakuruhusiwa. Zilikuwa na fadhila moja isiyopaswa kusahauliwa: Kiswahili kilitawala ndani yake, na hapakuwa na haja ya mkalimani kati ya hakimu na mshtakiwa. Lakini palipokosekana wakili, alikosekana pia mtu wa kuuliza maswali ya kuchosha. Je, kutoa nje kumethibitishwa, au ni kujaribu tu? Nia imethibitishwa na nini? Aliyebeba gunia alijua lilimo? Magendo yaliporudi kuwa neno moja zima, kama lilivyo mtaani, hayakuwa na sehemu za kuthibitisha. Ni vigumu kukubali kwamba usahili huo ulikuwa rehema kwa mtu aliyekabiliwa na kifo.

Bara nako palionekana jambo la namna hiyo mwaka 1983, katika kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya walanguzi. Neno la wakati huo lilikuwa uhujumu. Lilitungiwa sheria maalumu ya haraka, iliyorudi nyuma hadi kwa mambo yaliyotendwa kabla haijatungwa, na mwaka uliofuata ikabidi ibadilishwe kwa sheria nyingine. Neno hilo lilimeza sukari iliyofichwa, fedha za kigeni na ghala lililojaa vitambaa, kana kwamba vyote vilikuwa kitendo kimoja.

Neno moja lililoanguka

Ushahidi mzito zaidi umo katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Chama cha CUF kilikuwa kimeshinda viti vyote vya Pemba katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi wa mwaka 1995, na mvutano uliofuata ulikuwa mkali. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997 wanachama 18 wa chama hicho walikamatwa wakidaiwa kupanga kuipindua Serikali. Shitaka lililoibeba kesi lilikuwa la uhaini, kosa lisilo na dhamana na ambalo adhabu yake ni kifo. Walikaa rumande takribani miaka mitatu.

Novemba 2000 mashtaka yalifutwa, na mwezi huohuo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikatoa uamuzi wake juu ya hoja ya kisheria. Uhaini, ilisema, ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili. Dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano, wala si Zanzibar peke yake. Kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wanasiasa waliujadili uamuzi huo kama suala la hadhi ya Zanzibar ndani ya Muungano, na mjadala huo ungali unawaka kila mara. Kwa mada ya mhadhara huu kuna jambo jingine la kuzingatia. Kosa huhesabiwa kwa aliyekosewa. Mahakama iliuliza swali la -kosea: ni nani hasa aliyekosewa? Ilipoonekana kwamba aliyetajwa hawezi kukosewa kwa namna hiyo, neno zima lilianguka na kitendo kilichodaiwa kikabaki bila jina mahakamani. Miaka mitatu ya watu 18 ilikuwa imesimama juu ya neno moja.

Mahakama mbili za wananchi na za wanasheria zikilinganishwa kwa njia hii, hati ndefu ya mashtaka haionekani tena kuwa adui wa kwanza. Kila shitaka lina viungo vyake, na kila kiungo ni mahali ambapo mshtaki anaweza kushindwa.

Maneno madogo

Mageuzi ya mwaka 1985 yaliirejesha Mahakama Kuu na mahakama za mahakimu pamoja na mawakili. Mashtaka mengi yakarudi nayo. Kanuni ikawa nzuri, lakini lugha ikabaki nyuma. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, mshtakiwa alisema Kiswahili, na hakimu, ambaye mara nyingi naye ni Mswahili, alisikia kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Tanzania Bara ilitunga sheria mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hatua hiyo imepongezwa kwa haki. Lakini kuandika kwa Kiswahili si sawa na kueleweka, kama maneno matatu yafuatayo yanavyoonyesha.

Neno la kwanza ni kusafirisha. Kuchukua mzigo kutoka Micheweni hadi pwani ya Msuka ni kusafirisha. Kuutoa Pemba hadi Kenya ni kusafirisha nje. Sheria inayaona kuwa mambo mawili yasiyofanana, na kila moja linahitaji kibali chake. Sikio linasikia kitenzi kilekile kikirudiwa. Isitoshe, neno nje halina mpaka maalumu. Ni nje ya Pemba, nje ya Zanzibar au nje ya Tanzania? Karafuu ni jambo la Zanzibar na lina sheria yake, ya hivi karibuni ikiwa ni Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014. Forodha ni jambo la Muungano, na tangu mwaka 2005 inaongozwa na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyotungwa mwaka 2004. Chombo kinapofika Shimoni kinaingia chini ya sheria za Kenya. Safari moja ya usiku mmoja imewakosea watunga sheria watatu, na "nje" ya kila mmoja wao ni tofauti. Baharia haoni mistari hiyo majini.

La pili ni au. Yapo mashtaka yanayowekwa sambamba ilhali hayawezi kuwa ya kweli yote mawili. Aliyekutwa na karafuu zilizoibwa huweza kushtakiwa kwa wizi, na kwa njia mbadala kwa kupokea mali ya wizi. Mwizi hawezi kuwa mpokeaji wa kile alichokiiba mwenyewe. Karani husoma: "shitaka la pili, mbadala." Neno mbadala husomwa kwa pumzi ileile na halielezwi. Anayejibu "ni kweli" kwa yote mawili amekiri jambo lisilowezekana, na maandishi ya kesi hayaonyeshi kwamba hakufahamu.

La tatu, na pengine lenye madhara makubwa zaidi, ni pamoja. Chukuliwe mshtakiwa aliyehukumiwa miaka mitatu kwa shitaka la kwanza, miwili kwa la pili na mmoja kwa la tatu. Makosa yakiwa yametokana na tukio moja, kawaida ya mahakama ni kuamuru vifungo vianze siku moja na kwenda kwa wakati mmoja, kwa hiyo atakaa miaka mitatu. Hukumu ikisema "atatumikia vifungo hivi pamoja", nusu ya wasikilizaji husikia jumla: miaka sita. Kiswahili huruhusu maana zote mbili, kwa kuwa tunajumlisha kwa pamoja na kutembea kwa pamoja. Neno sambamba lingeiondoa shaka hiyo, na pale vifungo vinapofuatana lipo neno mfululizo. Kwa upande wa faini hali ni kinyume. Faini haziendi sambamba: laki tatu, laki mbili na laki moja ni laki sita kamili. Familia iliyofurahi kusikia "pamoja" kwa vifungo hushangaa mbele ya dirisha la mhasibu kwamba pamoja ya faini ni ya namna nyingine.

Ni kweli

Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza namna jibu la mshtakiwa linavyopaswa kuchukuliwa. Shitaka lisomwe na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoifahamu. Akikiri, maneno yake yaandikwe kwa kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka. Kisha mshtaki aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuyafafanua. Akileta jambo linalovunja ukiri wake, ukiri ufutwe na kesi isikilizwe. Mahakama za Kenya na Tanzania zimeirejea kanuni hiyo mara nyingi, na zaidi ya hukumu moja imebatilishwa kwa sababu mshtakiwa alisema tu "ni kweli".

Kiisimu, mahakama hizo zimeona sawasawa. "Ni kweli" haina mtenda wala mtendwa. Ni kibali cha msikilizaji kwa maneno ya msemaji, na katika adabu ya visiwa hivi huweza kumaanisha "nimekusikia" au "sina ubishi na wewe". Kijana anayesimama mbele ya mtu mzima mwenye joho habishani naye neno kwa neno. Aidha, Kipemba chenyewe si kimoja, W. H. Whiteley alipochapisha utafiti wake mwaka 1958 alitaja lahaja za Pemba kwa wingi. Mtu wa Kojani aliyezoea kusema kwa Kojani hujibu mahakamani kwa Kiswahili kinachojitahidi kuwa cha mjini, na jitihada hiyo hufupisha majibu.

Inafaa kutaja kwamba mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar iliipandisha bei ya karafuu kwa mkulima hadi shilingi 15,000 kwa kilo, pamoja na ahadi ya kumlipa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yalipungua kwa kiasi ambacho adhabu ya kifo haikuwahi kukifikia. Lakini bei hupanda na kushuka, na bandari bubu zipo palepale.

Lau karani angeyatenga maneno ya kitendo na maneno ya kosa, kazi yake ingekuwa ndefu kidogo tu. Badala ya kuuliza kama shitaka ni kweli, angeuliza mambo yenyewe, moja baada ya jingine: usiku ule ulikuwa chomboni? Karafuu zilikuwamo? Ulikuwa unakwenda wapi? Ulikuwa na kibali? Ulizipata wapi? Maswali hayo yakiulizwa hivyo, yule aliyesema "ni kweli" mara sita huweza kutoa jibu refu kidogo: "Chomboni nilikuwamo, na kibali sikuwa nacho. Lakini karafuu zile sikununua kwa mtu. Nimezichuma mwenyewe, kwenye mikarafuu ya baba yangu." Na shitaka la kwanza lilikuwa la kununua.